Pigo Kisiginoni

Baba alipoanguka, mimi na mama tulikuwa upande wa pili wa shamba tukivuna ulezi. Tulisikia tu ukelele wake: "Ameniua!" Tulipofika alikuwa amekaa chini, ameshika kisigino cha kulia. Kando yake alisimama jirani yetu, Msukuma aliyehamia Malangali na mifugo yake, anahema, fimbo mkononi. Ng'ombe wake walikuwa wameingia kwenye ulezi, na baba alikuwa akikimbia kuwafukuza.

"Amenipiga kwa nyuma," baba alisema.

"Mzee, sijakugusa. Naapa kwa kaburi la mama yangu."

Nani angemwamini? Fimbo si hiyo hapo? Mgambo walimfunga kamba mbele ya wanawe, wakampiga palepale, wakampeleka ofisi ya kata. Aliporudi kesho yake, jicho moja lilikuwa halifunguki.

Hospitali walimpiga baba eksirei wakasema mfupa ni mzima, wakamfunga bandeji. Wiki zikapita, bado hawezi kusimama kwa vidole wala kukanyaga pedeli ya baiskeli. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, watu binafsi wameanza kufungua kliniki mjini, na moja ya Mazwi ilikuwa na ultrasaundi. Nikampeleka. Tulikaa benchi moja na wajawazito. Walimtazama baba, wakatazamana.

"Mashine hii si ya mimba?" aliniuliza kwa Kifipa.

Daktari alikuwa mama wa makamo. "Shikamoo mzee. Lala kifudifudi." Alianza na mguu ulio mzima, akaupaka jeli ya baridi. Kwenye kioo tukaona nyuzi nyeupe zimelala pamoja kama kamba ya katani. Huo, alisema, ndio mshipa unaovuta kisigino. Akahamia mguu mbovu. Nyuzi zilikuja, zikaja, zikakoma. Mbele yake palikuwa na weusi mtupu. Alipoukunja unyayo wa baba, ncha mbili za mshipa ziliachana tukiziona.

"Umekatika, mzee. Ulikuwa unakimbia?"

"Nilipigwa fimbo."

"Ulimwona aliyekupiga?"

"Nililisikia pigo. Nikageuka..."

"Alikuwa karibu?"

"Alikuwa ng'ambo ya mfereji. Alikuja mbio nilipoanguka."

"Mshipa huu hukatika wenyewe," daktari alisema taratibu. "Na ukikatika, mtu huhisi amepigwa kwa nyuma. Wengi hugeuka kumtafuta aliyewapiga."

Baba hakuinuka. Daktari alifuta jeli, akazima mashine, akaanza kunawa mikono, naye bado amelala vilevile, uso kwenye shuka.

"Walimpiga," alisema. "Walimpiga, mimi natazama."

Hakutaka kupitia nyumbani. Nilimsukuma kwenye keria ya baiskeli mpaka kwa jirani, tukamkuta anakamua. Baba alijaribu kupiga magoti, mguu ukamkatalia, akashika mti wa zizi.

"Hukunipiga. Nimeonyeshwa kwenye mashine."

Yule mtu aliendelea kukamua. "Mimi sikuhitaji mashine, mzee."

Mkewe ndiye aliyeleta kigoda. Baba akakaa.

Mguu ulitiwa plasta, lakini tulikuwa tumechelewa, mshipa ukaunga vibaya. Baba alichechemea maisha yake yote. Jirani alianza tena kumwamkia njiani. Uani kwetu hakukanyaga.