Moyo Uliofutwa Ukutani

Mchoraji wa vibao tuliyemwita Fundi Brashi hakuvuka shule ya msingi, lakini alikuwa na adabu ya kazi ambayo wengi wetu wenye vyeti hatukuwa nayo. Nilipompa kazi ya kuchora moyo wa binadamu kwenye ukuta wa maabara, alikwenda kwanza buchani, akanunua moyo wa mbuzi, akaupasua na kupima kuta zake kwa rula. Ndiyo maana upande wa kushoto aliuchora mnene zaidi: ndio unaosukuma damu mwili mzima, ilhali wa kulia huipeleka mapafuni tu, hapo jirani.

Nilipoingia kukagua, niliona neno "kushoto" limeandikwa upande wa kulia wa picha. Wanafunzi arobaini walikuwa wakitazama.

"Fundi, hata kushoto na kulia vinakupiga chenga?"

Darasa likaangua kicheko. Yeye akanigeukia, akajigusa kifuani. "Mwalimu wangu, huyu mtu wa ukutani anatutazama. Kushoto kwake ni kulia kwako."

Nilijua anasema kweli kabla hajamaliza. Lakini kile kicheko kilikuwa kimeninogea.

"Badilisha."

Akabadilisha.

Kwenye mtihani, darasa zima lilikosa swali la moyo. Mkuu wa shule aliponiuliza, nilijibu kwamba fundi alikosea. Ukuta ukapakwa chokaa, naye hakuitwa tena. Shule za jirani zilizosikia habari hizo nazo zikamkwepa.

Nilinyamaza miaka kumi na sita. Mwezi uliopita, nikiwa nimeshastaafu, nilimkuta kibandani kwake akipaka rangi kibao cha kinyozi. Nikamweleza yote, nikamwomba radhi.

"Nilijua," alisema bila kuacha kupaka. "Mama watoto alitaka nije nikutukane. Nikamwambia, atakuja mwenyewe. Ila umechelewa, mwalimu. Hata huyu kinyozi hana la kunifanyia tena." Akajipapasa upara.

"Sasa nifanye nini, ndugu yangu?"

"Twende tukauchore upya. Wanafunzi wawepo."

Mkuu mpya alituruhusu. Fundi alichora asubuhi nzima, taratibu, kama zamani. Alipofika kwenye maandishi, alinikabidhi brashi.

"Hapo andika wewe. Mimi niliandika sawa mara ya kwanza."

Niliwageukia wanafunzi, nikawaambia ni nani aliyekosea na ni nani aliyebeba lawama. Kisha nikaandika "kushoto" upande wangu wa kulia. Herufi zilipinda. Hakuna aliyecheka.