Nilimcheka Daktari wa Pamba

Kosa ni langu, wala sitalipaka poda. Nilikuwa na mdomo mkubwa kuliko akili!

Mimi ni msusi hapa Kolwezi. Doa lilitokea kwenye mkono wangu wa kulia, limepauka, haliwashi, haliumi. Mume wangu akanisukuma niende kwa daktari mpya wa ngozi.

Nikamkuta binti wa mchimbaji wa mgodi wa Mutoshi! Baba yake nilimjua, na matope yake. Eti kasomea udaktari Lubumbashi, akaongeza miaka Kinshasa kwa ajili ya ngozi tu. Nilitarajia mashine. Yeye akavuta kiti karibu, akanishika mkono kwa mikono mitupu, akauliza maswali kama wifi mdaku. Kisha akachukua kipande cha pamba.

"Mama, funga macho. Fasi nitakugusa, unionyeshe pale na kidole."

Sikusikia kitu. Lakini nishindwe na mtoto wa Mutoshi? Nikachungulia, nikawa naonyesha kila alipogusa!

"Unasikia kweli, mama, ao unaona?"

"Nasikia! We docteur gani, hauna ata sindano?"

Akaniomba nirudi wiki ile ile anipime tena. Nirudi kuchezewa pamba? Saluni niliuigiza mchezo wote, wateja wakacheka hadi machozi. Doa nikalipaka krimu ya sokoni.

Miezi ikapita. Siku moja nanyoosha nywele za bibi harusi, akaruka kitini.

"Mama, kitu inaungua!"

Nikatazama nywele zake, ziko salama. Kilichoungua ni kidole changu, kimegandamana na pasi ya nywele, nami nimesimama napiga soga!

Nilirudi kwa daktari nimefunika mkono kwa kitenge. Hakunicheka. Heri angenicheka! Akavuta kiti kile kile, akanishika kama mwanzo. Ni ukoma, akasema. Dawa ipo, ni ya bure, nitapona. Lakini vidole viwili vimeshajikunja, na hakuniahidi kwamba vitanyooka. Msusi wa vidole vitatu, nani atamkalia? Mjinga mkubwa mimi!

Akachukua pamba yake. Safari hii nilifumba macho kweli. Nikangoja, nikangoja.

"Anza basi, docteur."

"Nilisha kumaliza, mama."

Wenzangu wenye midomo kama wangu, mkamcheke daktari nyumbani kwenu mkipenda. Mkiwa mbele yake, fumbeni macho.