Mpiga Gitaa Aliye Ndani ya Kompyuta

Kwenye harusi moja kijijini Titye, mama mmoja wa kanisani kwetu alinipiga kofi la begani mpaka pilau ikamwagika kutoka kwenye sahani yangu. "Sikiliza! Si wewe huyo?" Spika zilikuwa zinapiga wimbo mpya wa kwaya yetu, na ndani yake gitaa linakimbia, linapanda, linageuka, linarudi kama limesahau kitu. Gitaa lilikuwa langu kweli. Ule uzi wangu wa tatu unaokwaruza kidogo siwezi kuukosea. Tatizo lilikuwa moja tu: wimbo ule sikuupiga mimi.

"Umepiga, baba! Leo umetuua!"

Nikacheka. Nikaendelea kula.

Ngoja nieleze, maana bila hivyo nitaonekana mwizi tangu mwanzo. Nilizaliwa Murungu, na gitaa nimelipigia Kibondo kwenye studio ya kwanza niliyoifahamu. Studio! Chumba cha nyuma cha nyumba ya mtu, magodoro yameegemezwa ukutani, redio kaseti moja na maiki moja. Kwaya nzima iliimbia maiki hiyo hiyo, akina mama mbele, sauti za besi mlangoni, mimi pembeni. Mtu akikohoa tunaanza upya. Jogoo akiwika, upya. Na mimi nilikuwa sikosei. Nasema bila aibu kwa sababu ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho duniani. Watu thelathini wanarudia wimbo mara sita kwa ajili ya mtu mmoja anayesinzia, na mara zote sita mimi nimepiga sawasawa. Ndiyo maana walikuwa wakinifuata kwa pikipiki hadi Kibondo, wanipeleke Kasulu kurekodi, na mwishowe nikahamia Kasulu kabisa.

Baadaye ikaja kompyuta, ile ya zamani yenye kisogo kikubwa, na programu ya muziki iliyopita kwa flashi kutoka mkono hadi mkono. Sasa kila mtu akawa anaimba peke yake, akikosea anarudia kipande chake tu. Nilichukia mno. Wale wabovu wote wakapona! Ikaja nyingine, hiyo inanyoosha hata sauti iliyopinda, na ngoma ikawa inapigwa kwa kidole kwenye kibodi. Mpiga ngoma wetu akarudi shambani kwake. Nilimpa pole, lakini moyoni nilikuwa mtulivu kabisa, maana gitaa lilikuwa bado linataka mtu, na mtu mwenyewe nilikuwa mimi.

Fundi wa studio ya Kasulu ni mtoto wa Warundi, alikulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, sasa ni raia kama mimi, ana mke na shamba la maharage. Ananiita kaka mkubwa. Siku moja akaniita mchana, akanikalisha, akasema, "Kaka mkubwa, leo hakuna wimbo. Nipigie noti moja moja. Kila uzi, kuanzia juu mpaka chini. Kila noti mara tatu: taratibu, kawaida, na kwa nguvu."

Nikadhani anajaribu maiki mpya. Kutwa nzima ting, ting, ting, kama mtu anayegonga sufuria sokoni kuona kama zina ufa. Nikanywa soda mbili, nikala karanga, nikarudi nyumbani najisifu kwa mke wangu kwamba leo nimerekodiwa siku nzima.

"Wimbo gani?"

"Hakuna wimbo."

"Sasa walikuwa wanarekodi nini?"

Nikaomba maji ya kuoga.

Tangu siku hiyo simu za fundi zikapungua. Nikajiambia ni msimu wa kupanda, watu wako mashambani. Mpaka hiyo harusi ya Titye. Kesho yake asubuhi niliingia studio, hata salamu ya asubuhi, "mwakeye", sikuimalizia. Fundi akanionyesha kioo cha kompyuta bila kuficha kitu: vijisanduku vimepangwa mstari kwa mstari, na kila kimoja kina noti yangu. Kwenye kinanda alikaa mwalimu wa sekondari, dada mmoja aliyehamishiwa kwetu kutoka Mbeya, ambaye huimba na sisi. Akabonyeza kibao kimoja. Uzi wangu ukalia. Akabonyeza vinne kwa mpigo, na mkono wangu ukafanya kitu ambacho haujawahi kufanya tangu nizaliwe.

"Kaka, una vidole vitamu sana," akaniambia, tena kwa heshima kabisa. "Mimi napanga tu."

Anapanga tu! Loh! Kikulacho ki nguoni mwako. Ningekasirika kwa haki kama angekuwa mpigaji mbaya, lakini dada yule alikuwa anajua. Alitoa kwenye zile ting ting zangu nyimbo ambazo mimi nisingeziwaza. Nilimwonea wivu mwalimu kwa akili yake, lakini zaidi nilimwonea yule aliyekuwa mle ndani ya kompyuta. Ni mimi, ila hana baridi kwenye viungo, uzi haumkatikii, wala hajui kuzeeka. Wananipigia simu ya nini mimi wakati yupo yeye?

Na bado sifa zake nilizila. Sokoni watu walinipungia mkono, hospitali nilipewa kiti. "Ile solo, mzee, ile solo!" Nilikuwa naitikia kwa kichwa. Ningewaambia nini? Nikisema si mimi, nafasi yangu ya kusimama mbele na gitaa kila Jumapili imekwisha, na mbali na nafasi hiyo mimi ni mtu wa kawaida anayelima muhogo.

Kisha mwenyekiti wa kwaya, mama mmoja mfanyabiashara wa maharage, akatangaza kwamba Jumapili ya mavuno askofu anakuja na hapendi plebaki, watu kuchezesha midomo juu ya rekodi. "Tutapiga mubashara. Wimbo ule ule, na ile solo ya kaka yetu, kama ilivyo!" Wote wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Wiki tatu nilikaa barazani kila jioni nikisikiliza wimbo kwenye simu na kujaribu kumfuata yule jamaa. Thubutu! Kuna mahali noti mbili zinalia pamoja, na kwenye gitaa zote mbili ziko uzi mmoja. Uzi mmoja, noti mbili, wakati mmoja! Hata malaika angeweka kinubi chini. Vidole vikachubuka. Mke wangu akatoka na ungo wake, akasikiliza kidogo, akauliza bila ubaya wowote, "Mbona wewe wa kwenye simu unapiga kuliko wewe wa barazani?"

Nilimjibu vibaya. Mpaka leo najutia nilivyomjibu.

Alhamisi ya mazoezi ya mwisho nilijaribu mara mbili, nikakwama mara mbili, pale pale. Nikaliweka gitaa chini. "Si mimi," nikasema. "Kwenye ule wimbo si mimi niliyepiga." Nikawaeleza yote, tangu soda mbili mpaka sokoni. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika mwisho. Mwalimu aliinamisha kichwa kana kwamba kosa ni lake, na hilo nalo liliniudhi.

Nilitegemea kufukuzwa. Mwenyekiti akatazama dari, akatafakari, akasema, "Wageni tumeshawaalika. Mwalimu atakaa nyuma ya spika na kinanda chake, huo nao ni mubashara. Kaka, wewe simama mbele na gitaa kama siku zote. Waya tu hatutachomeka." Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningekataa. Nikafikiria mahali pangu pale mbele pakiwa patupu mbele ya kanisa zima, nikasema sawa.

Jumapili kanisa lilijaa magunia ya maharage, mikungu ya ndizi na kuku waliofungwa miguu. Nikasimama mbele, waya wangu umeingia chini ya zulia na kuishia humo humo. Solo ikaanza kutoka kwenye spika, na vidole vyangu vikaanza kumkimbiza mwenye nayo. Ikakaribia ile sehemu ya noti mbili. Hapo nikamwomba Mungu mwalimu akosee. Mbele ya madhabahu, na mavuno yote yale miguuni pangu, nikaomba dada wa watu aaibike.

Hakukosea. Alipiga vizuri kuliko hata kwenye rekodi. Watu wakasimama, vigelegele vikapasua bati, na askofu akashuka kutoka kitini. Akanishika mkono wa kushoto, huu wa kwenye nyuzi, akauinua juu ili kanisa lote liuone. Nami nikauacha uinuliwe.