Jino Lililosemwa Limeoza

Nilikuwa nimemaliza darasa la Kiingereza la jioni kule Kasenga, na mtaani kwetu Kilibula watu waliamini kwamba nakijua. Kwa hiyo alipokuja munganga wa meno, mwanamke mgeni asiyejua Kifaransa wala Kiswahili, akawa anatibu watu katika ukumbi wa kanisa, mama alinichukua nikamtafsirie.

Munganga alimulika kinywani mwa mama, akagusa jino la nyuma, akasema, "Decay."

Neno hilo nililijua. Mwalimu wetu alilifundisha kwa mfano wa mbwa aliyekufa kando ya barabara.

"Mama," nikasema, "anasema jino limeoza."

Mama alifunga kinywa. Mmoja wa wamama waliokuwa wanangoja kwenye benchi akageuza uso. Mama akajifunga kitenge vizuri, akatoka, akapanda pikipiki, akaenda bila kunitazama.

Nilibaki pale sielewi. Nikamwuliza munganga kama decay ni kitu chenye kunuka. Akashangaa. Akaeleza kwamba jino linapata decay, ubao wa mlango pia, nyumba isiyokaliwa pia, hata sauti ya kengele inapofifia. Na samaki je, nikauliza. Samaki, akasema, watu huwa wanamwita rotten, neno lingine la kuoza. Lakini jino nalo laweza kuwa rotten, akaongeza, na muntu mbaya vilevile. Nilitoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Nyumbani nilimkuta mama anasukutua kwa maji ya chumvi.

"Weye umenitangaza mbele ya watu," akasema. "Ndagala zikinyeshewa zinaoza. Maiti inaoza. Minye niko mzima, kinywa changu kitaoza namna gani?"

"Sasa tuseme nini, mama?"

"Limetoboka. Watu wote wanasema vile."

"Lakini munganga hakusema limetoboka."

"Basi umwulize vizuri. Kama limetoboka, aling'oe. Kama limeoza, nitabaki nalo."

Kesho yake tulirudi. Nilimwuliza munganga kama jino lina tundu. Akasema tundu lipo, ila limeletwa na decay. Mama alikuwa ananikazia macho.

"Anasema limetoboka," nikamwambia.

Akafungua kinywa.

Lilipong'olewa aliomba kuliona. Aliligeuza kiganjani, akalileta puani, akalinusa, kisha akaninyooshea.

"Linanuka?"

Nikanusa. Lilinuka dawa, na damu, na kitu kingine kidogo ambacho sikuweza kukipa jina kwa Kiingereza, kwa Kifaransa, wala kwa lugha ya mama mwenyewe.

"Sijui, mama."

"Sasa Kiingereza chote kile ulisomea nini?" akasema, pamba ikiwa bado mdomoni, akaanza kucheka huku ameshika shavu. Munganga naye akacheka, akaniuliza mama amesema nini. Nikashindwa kumtafsiria.