Mama Abigaël Hakufuta

Mama Abigaël alikomea darasa la sita, na kundi la WhatsApp la Wapenda Sayansi wa Kolwezi ndilo lilikuwa shule yake ya pili. Kila asubuhi, akimaliza kusali, alilifungua kabla ya kuchekecha unga wake wa mihogo.

Jumanne hiyo walibishana kama mmea unaweza kuonyesha mahali penye shaba. Tata Lucien, mwalimu aliyesimamia kundi, akaandika kwamba hiyo ni imani ya wazee wasiosoma.

Mama Abigaël akajibu kwa upole: "Tata, kuko kauwa kadogo ka bleu. Kanaota kwenye shaba, miti haioti pale. Baba yangu alikuwa anakafwata mbele ya kuchimba."

"Mama, ulisomea chimie wapi? Futa hiyo message, ao nakutosha mu groupe," Lucien akatishia kumtoa.

"Mama, futa tu," jirani yake Djamila akamwandikia pembeni. "Utakosa masomo yako."

Alijua atayakosa. Akapanda kilima cha nyuma ya mtaa wa Kasulo, akapiga picha ya mahali pasipo mti hata mmoja, pamejaa yale maua ya buluu, na jiwe la kijani la shaba kati ya mizizi. Akaituma.

"Sitafuta, tata. Mi ni mutu wa kusali, siwezi kukana kitu macho yangu inaona."

Lucien akamtoa.

Mama Abigaël akafumba macho, akamwombea. Kisha akafungua kundi lake mwenyewe, akaibandika picha ile mwanzoni kabisa. Mtu wa kwanza kuingizwa naye humo alikuwa Tata Lucien.