Maksai wa Meitamei

Clemensi alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa akitazama chini. Mkewe, Marsela, alizoea kumtania: "Wewe ukiulizwa jina lako, lazima ulifikirie kwanza." Lakini Kimasai alikijua vizuri, kwa kuwa mwaka wa njaa baba yake alimpeleka Ngorongoro kuchunga kwa Wamasai. Ndiyo maana sotoka, ugonjwa unaoua ng'ombe, ilipoingia Karatu, mwaka themanini na mbili, bwana mifugo Josephati alimfuata shambani akamwomba awe mkalimani.

"Mimi siwezi kuhutubia, bwana."

"Nitahutubia mimi. Wewe geuza maneno tu."

Wakapanda mlima na Landrova, sanduku la chanjo na barafu likiwa nyuma. Boma la kwanza lilikuwa la Meitamei, ambaye Clemensi hakutaka kukutana naye siku hiyo. Zamani Meitamei alimpa maksai, na tangu hapo, kwa desturi ya Wamasai, hawakuitana tena majina. Kila mmoja alimwita mwenzake Pakiteng, yaani mwenzangu wa maksai. Maksai huyo ndiye aliyevuta jembe la Clemensi, na juzijuzi alikuwa amekufa kwa sotoka. Meitamei hakuwa na habari. Clemensi hakujua atamwambiaje mtu kwamba zawadi yake imefia mikononi mwa aliyepewa.

"Pakiteng!" Meitamei aliita, akija na wazee wenzake. "Leo umekuja na gari, umekuwa serikali? Haya, tupe habari."

Kwa Wamasai habari hutangulia shauri. Mgeni hueleza mvua, watoto, mifugo, waliokufa na waliopona, na mwenyeji huitikia "ee" mpaka zimalizike. Clemensi akafungua mdomo, lakini Josephati akamwahi: "Barafu inayeyuka, ndugu yangu. Waambie walete ng'ombe."

Clemensi akapata pa kujificha. "Wanasema mlete ng'ombe wachomwe sindano," alisema, macho chini. "Wanasema kuna ugonjwa."

Hakuna aliyeitikia.

"Nani hao wanaosema?" Meitamei aliuliza.

"Serikali."

"Ugonjwa wenyewe wameuona wapi?"

"Wanasema uko huko chini."

Mzee mmoja akacheka. "Sindano ya zamani iliwavimbisha shingo ndama wa jirani yetu Sintamei. Na hiyo nayo, walisema ni dawa!"

Wazee wakatawanyika. Josephati hakukasirika, aliuliza tu kwa unyonge: "Umewaambia yote niliyosema?"

"Yote."

Na kweli aliyasema yote, isipokuwa lake.

Kulipopambazuka Clemensi aliondoka kwenye gari walipolala, akarudi bomani kwa miguu, peke yake. Alimkuta Meitamei langoni akikagua ng'ombe. Akasimama mbele yake, akaanza habari tangu mwanzo: mahindi yamenyauka, Marsela anaumwa mgongo, mvua imekatika mapema.

"Ee," Meitamei aliitikia. "Ee."

"Maksai uliyenipa amekufa."

Kuitikia kukakoma. Clemensi akaendelea. "Macho yalichuruzika, kinywa kikajaa vidonda, akaharisha damu. Nilimshika kichwa mpaka mwisho. Sasa sisemi 'wanasema'. Nasema mimi. Walete ng'ombe wako."

"Amekufa lini?"

"Kabla gari halijaja."

"Kwa hiyo jana habari hii ulikuwa nayo kinywani."

"Nilikuwa nayo. Niliona aibu."

"Ukaniletea maneno ya wengine." Meitamei akageukia bondeni. "Mlipoondoka niliwapeleka mitamba wangu wakalambe magadi huko chini, pamoja na ng'ombe wa Karatu. Ungesema hayo jana, wangelala hapa."

 Meitamei akawatuma vijana wakimbie kuwarudisha mitamba, kisha akawaita wazee wenzake, akawasimulia habari ya maksai. Safari hii hakuna aliyecheka. Jua halijapanda sana, ng'ombe wakaanza kumiminika kwenye gari, na Josephati akakunja mikono ya shati, furaha imemjaa.

"Leo umewaambia nini?"

"Habari za nyumbani," Clemensi alisema.

Kazi ikaendelea. Barafu ilipokuwa imebaki maji, mitamba walikuwa bado hawajaonekana. Meitamei alimvuta dume mkubwa, akatafuta kwa macho mtu wa kumsaidia.

"Clemensi," aliita. "Shika pembe."

Clemensi akazishika. Tangu siku ile ya maksai, hakuwahi kulisikia jina hilo kinywani mwa Meitamei.