Niliandika "Bila Ajali Hata Moja", na Kaka Yangu Ana Vidole Vitatu

Nimekosa. Sitafuti mtu wa kunitetea, na ukinitukana utakuwa umenisaidia. Nilimpiga kaka yangu wa tumbo moja kwa mpini wa jembe mpaka mfupa ukalia. Na chanzo cha yote ni karatasi ya CV!

Sisi ni watu wa mgombani, juu ya Moshi, watoto wa kahawa na ndizi. Kaka, nimwite Aloyce, aliacha shule ili mimi nisome. Nikawa msomi wa nyumba, diploma ya umwagiliaji, na hasira za siafu tangu utotoni.

Mwaka ule masika yaliubomoa mfongo wetu, ule mtaro wa mababu unaoleta maji mashambani. Aloyce akawa anapiga pembe kila alfajiri, watu wanatoka na majembe kwenda msaragambo, kazi ya wote isiyo na bosi. Yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuingia mtaroni. Siku ya nane jiwe likamponda mkono wa kushoto. Vidole viwili vilibaki palepale kwenye tope.

Na mimi? Nilikuja siku mbili. Nilibeba chupa za chai, nikapiga picha. Basi!

Baadaye ikatangazwa kazi ya mradi wa maji kule Chekereni, kwenye mpunga. Jamaa wa stationari mjini aliyekuwa ananichapia CV akaisoma, akacheka. "Mangi, hapa umeorodhesha majukumu tu. Bosi anataka kujua umefanikisha nini. Weka namba!"

Aliniambia niweke za kweli, simsingizii. Aliyetia chumvi ni mimi. "Niliongoza ukarabati wa mfongo wa mita mia tatu. Nilisimamia watu sitini. Kazi ilikamilika bila ajali hata moja." Aisee, nilipoisoma nilijiona mwanaume kwelikweli.

Usaili nikapita. Kumbe wale watu wanafuatilia! Wakaja nyumbani, dada mmoja na mzee mmoja, wauone mfongo kabla ya kunipa mkataba. Aloyce hakujua lolote. Akamwamkia mzee shikamoo, akawakaribisha mtori wa ndizi, kisha akawatembeza. Tulipofika kwenye kona iliyokuwa imebomoka, yule dada akafungua karatasi yangu akaisoma kwa sauti, tena kwa kunisifu.

Alipofika kwenye "bila ajali hata moja", Aloyce alikuwa amenyoosha mkono wa kushoto kuwaonyesha maji yanapoingilia. Wote tukaviangalia vile vidole vitatu.

"Kaka, hii ilikuwa nini?" dada akauliza.

"Jiwe," akasema. "Hapahapa."

Wageni wakaaga.

Hapo ndipo ningepiga magoti. Wapi! Aibu iligeuka hasira. Nikamfuata Aloyce mpaka uani. "Ulishindwa kuuweka mfukoni huo mkono wako mbovu? Umeniharibia maisha!"

Akageuka taratibu. "Mdogo wangu, kumbe na vidole vyangu umevifuta?"

Nikachukua mpini. Pigo la kwanza begani, akaanguka kwenye maganda ya kahawa. La pili mgongoni. La tatu akalikinga kwa mkono wa kulia, ule mzima, nikausikia ukivunjika. Sikuacha! Damu ilinirukia mdomoni, nikaitema, nikampiga tena. Mama akanirukia shingoni huku anapiga yowe, "Yesu na Maria, unaua!" Nikamsukuma, akaangukia mafiga. Mama yangu mzazi! Majirani ndio walionitoa, na wao hawakuniacha hivihivi, walinipiga mateke mpaka meno mawili yakatoka. Nilistahili, tena walinihurumia.

Hospitali walimuuliza Aloyce nani kamfanyia vile. "Nimeanguka mfongoni," akasema. Alidanganya ili nisifungwe. Mimi nilidanganya ili nile.

Kazi nilikosa, hilo dogo. Kahawa iliiva ikawa nyekundu shamba zima, na mkono wa kuichuma upo kwenye plasta. Nikaichuma mimi, shemeji, mke wa Aloyce, ananipita pale shambani bila salamu. Mama mpaka leo akiniona nimeinua jembe anasogea pembeni.

Juzi nilimpelekea Aloyce isale, lile jani la kuombea msamaha. Kwetu ukiletewa isale hukatai. Nilipiga magoti pale uani, mahali nilipomwaga damu yake. Mkono wake wa kulia haukunjiki bado. Alilipokea kwa vile vidole vitatu.

"Nimekusamehe," akasema. "Sasa leta karatasi yako. Andika upya, mbele yangu, ulichofanya pale mfongoni."

Nikaandika huku machozi yananitoka: nilibeba chai, nilipiga picha.

"Na ajali?"

Nikaandika moja.

Akautazama mkono wake wa kulia, halafu akanitazama mimi. "Hesabu vizuri."

Jamani! Nikafuta, nikaandika mbili.

Wewe unayeandika CV leo, nakuomba kwa jina la Mungu, andika kile ulichokifanya, hata kama ni kubeba chai. Na kabla hujaituma, nenda kamsomee kwa sauti mtu mliyefanya naye kazi, ukiwa unaiangalia mikono yake. Mimi sikumsomea Aloyce.